Mnene wa Joho Jekundu

Juzi, nikipangusa meza kwa bosi wangu huku Jeddah, binti yake alikuwa akisomea mtihani wa sanaa. Kwenye tableti yake nikamwona yule mnene wa joho jekundu, amepiga magoti kando ya Bikira Maria.

Nilimjua tangu utotoni. Picha hiyo hiyo ilitundikwa kanisani kwetu Kenya, na alasiri moja mama alinipeleka mbele yake kwa sababu mdogo wangu alikuwa na homa kali. Kanisa lilinuka nta na mavi ya popo.

"Mwombe huyu," mama alininong'oneza. "Yuko karibu kabisa na Mama wa Mungu."

"Mbona amenona hivyo?"

"Amebarikiwa."

Nikaamini kwamba utakatifu hunenepesha. Nilimwomba nikilia, nikamwahidi hata kuku wangu.

"Huyu ni mtakatifu gani?" nilimuuliza binti wa bosi.

Akacheka. "Mtakatifu wapi! Ni tajiri tu wa Ulaya ya zamani. Matajiri walikuwa wanamlipa mchoraji awatie kwenye picha pamoja na watakatifu."

Kumbe! Jitu zima na pete zake lilijinunulia mahali pa kupigia magoti, na sisi tukaja kupiga magoti nyuma yake. Wala halikumtazama Maria. Lilitutazama sisi, lihakikishe tumeliona.

Mdogo wangu tulimzika wiki ile ile. Mama alisema labda sikuomba kwa moyo wote, nami nikaamini hivyo mpaka juzi.