Migomba Minne ya Fundi Masunga

Baba yangu ana migomba minne nyuma ya jiko, na tangu nipate akili nimeichukia. Bariadi si nchi ya migomba. Hapa ni pamba, mahindi, na mpunga mvua ikikubali. Mwezi wa tisa maji tunanunua kwa ndoo, lakini mzee huyachukua yaliyosuuzia vyombo akaipelekea migomba yake. Ikibahatika kuzaa, mkungu anampa jirani. Nimemgombeza mpaka nimechoka. Hujibu kwamba ndoo ameibeba yeye, si mimi.

Ukiacha hilo, Masunga ni mtu wa kujivunia, na mimi Lucy, bintiye, najivuna bila aibu. Ana miaka sitini na minane. Tembea kutoka hapa mjini hadi Kasoli, uliza nani alipandisha ukuta huu na ule, utatajiwa yeye. Mafundi vijana wanamwogopa. Hana haja na pima maji. Huinamisha kichwa, hufumba jicho moja, kisha husema bomoa. Na wanabomoa.

Mwaka 1978, akiwa mgambo wa miaka ishirini na moja, alikwenda vita vya Kagera. Habari za vita vyenyewe hasemi. Anachosimulia ni yaliyofuata: vijana tisa wa Kisukuma walibaki karibu na Kyaka wakawajengea wakimbizi waliokuwa wanarudi makwao, nyumba kumi na mbili kwa wiki sita, bila kulipwa hata soda. Hadithi hiyo nimeisikia harusini, nimeisikia msibani, na mara moja nimeisikia kwenye foleni ya benki.

Msimu huu wa pamba umoja wa makanisa ya hapa uliamua kuchangisha fedha za kujenga upya vijiji vya nchi jirani iliyotoka vitani, na kupeleka mafundi kumi. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Watu walibishana mnadani, wakabishana kwenye ghala la pamba, hadi redio ya mjini ikaitisha mdahalo katika ukumbi wa parokia, Jumamosi mchana. Swali lilikuwa moja: nani alipe?

Masalu, mkulima wa pamba wa Kasoli, alisimama wa kwanza. Alisema aliyechoma ndiye alipe, na haoni kwa nini jasho lake lizibe matundu ya bunduki za watu wengine wakati shule ya kijijini kwake haina vyoo. Akapigiwa makofi. Mama Kwandu, mfugaji kutoka Bukundi, akamjibu kwamba kwao yowe likipigwa hakuna anayeuliza moto ni wa nani. Anayebaki nyumbani hutozwa mchenya, ile faini ya kijiji, na yeye haoni kwa nini mpaka wa nchi ubadilishe jambo hilo. Naye akapigiwa makofi, na watu walewale.

Kisha akaja Dastan, mhandisi kijana aliyekulia mtaa wetu, na picha zake zikawaka ukutani. Alieleza kwamba gharama inatutisha kwa sababu tunafikiria nyumba mojamoja. Trekta litangulie, lisafishe eneo lote, nyumba zipangwe kwa mstari, ramani iwe moja. Gharama itashuka kwa nusu. Na fundi mkuu wa kazi hiyo, akasema, tunaye humu ndani, maana alishaifanya mwaka 1979 kwa panga na mikono mitupu. Ukumbi ukalipuka. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Lazima ujue jambo lile lilikuwa na maana gani kwake. Kwa miaka mitatu hajapewa nyumba ya kujenga. Makandarasi wanamwita mzee wetu, wanamkalisha kwenye kiti cha plastiki alinde saruji. Fununu za safari hii zilipoanza, alinijia na kitambaa cha kaki, akaniomba nimshonee ovaroli, na juu ya mfuko nitarizi maneno FUNDI MKUU. Nilimtania kwamba bado hajachaguliwa. Akaniambia nitarizi tu.

Basi akapewa kipaza sauti. Akasalimu, "Mwadila," ukumbi ukaitikia. Kisha akamwomba Dastan arudishe ile picha ya eneo kabla ya trekta.

"Hapo pana nini?" akauliza.

"Vichaka, guku," Dastan akamjibu, kwa neno letu la babu. "Na miti miti."

Baba akaitazama ile picha kwa jicho moja, kama anavyotazama ukuta.

"Nyumba zilikuwa kumi na mbili, hilo ni kweli," akasema. "Ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mjane. Alikuwa bado hajarudi. Tulikuta nyumba imeungua, na migomba imeisonga kila upande. Kwetu nyumba ni uwanja uliofagiwa, na zizi mbele. Tukaona huyu mama ameishi porini, tumsaidie. Tukafyeka. Panga la kwanza nililishika mimi. Tukajenga, na mbele ya mlango tukamwekea zizi, liwe zawadi."

Watu wakacheka kidogo. Hata mimi nilitabasamu, maana kumjengea Mhaya zizi kabla hujamuuliza kama ana ng'ombe ni jambo la kwetu kabisa. Yeye akangoja kicheko kiishe.

"Akarudi. Ng'ombe hakuwa naye. Nyumba hakuitazama. Aliingia zizini, akapiga magoti, akawa anapapasa udongo. Akatuuliza, taratibu tu, 'Mume wangu yuko upande gani?' Kule wanazikana kwenye migomba. Hakuna msalaba, hakuna saruji. Mgomba ndio alama. Na alama tulishaifyeka. Na wakati huo tulikuwa tumeshafyeka migomba ya nyumba nne."

Hadithi ile nimeisikia maisha yangu yote, na sehemu hii hakuwahi kuitia.

"Hata jina lake sikuuliza," akaendelea. "Dastan, mimi nataka kwenda. Hapa wote mnajua ninavyotaka. Lakini trekta likitangulia, siendi. Wenyewe warudi kwanza, watutembeze, watuonyeshe. Na siku hizo za kutembezwa ziandikwe kwenye gharama."

Dastan si mtoto mbaya. Alikiri mbele ya watu wote kwamba jambo hilo halikumjia akilini, kisha akasema ukweli wa upande wake: wakisubiri wenyewe na kuacha trekta, fedha zile zitatosha nusu ya nyumba. Baba akamwambia basi tujenge nusu. Ukumbi ukachachamaa. Wengine walisema mzee anawanyima watu paa kwa ajili ya makaburi, na siwezi kusema hawakuwa na hoja. Aliyewanyamazisha ni Masalu. Alisema bado anaamini aliyechoma ndiye alipe. Lakini baba yake amelala pembeni mwa shamba la pamba, na anayeijua sehemu hiyo ni yeye peke yake. Gunia moja la pamba atalitoa, kwa ajili ya siku za kutembezwa tu.

Wiki iliyofuata kamati ikatangaza. Trekta limeondolewa, nyumba zimepungua, mafundi ni sita. Fundi mkuu ni kijana wa Mwamanyili. Masunga atatangulia mwezi mzima kabla yao, atembee na wenyeji kiwanja kwa kiwanja. Mwiko hatashika.

Nilikasirika kuliko yeye. Nilimwambia amejinyang'anya kazi kwa mdomo wake mwenyewe. Alikubali kwamba imemuuma, akala michembe yake ya viazi vikavu, kisha akaniletea ovaroli niyafumue yale maneno ya mfukoni. Nikamuuliza niandike nini badala yake. Akasema niache wazi, ila mfuko niupanue uingie daftari.

Aliondoka Jumanne asubuhi, mgongo umenyooka, kalamu sikioni. Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa ameshapiga mistari, na safu ya kwanza ameiandika Jina.

Jioni niliosha vyombo, nikatoka na ndoo ya maji machafu niyamwage barabarani kutuliza vumbi. Nikasimama mlangoni. Migomba ni minne, na nyumba walizofyeka zilikuwa nne. Miaka yote ile nilikuwa nabishana na mtu kuhusu maji.

Nikaibeba ile ndoo hadi nyuma ya jiko, nikaigawa sawasawa kwa yote minne.