Stroberi si Rangi

Binti yangu alikuwa na miaka saba alipovimba midomo mara ya kwanza. Alikuwa amekula yogati kwa shangazi yake. Daktari, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, alimdunga sindano, kisha akanieleza mimi kwa Kiingereza: mtoto asiguse tena stroberi, mara ya pili yaweza kumziba koo. Niliitikia kila neno. Nilikuwa nimefika kidato cha nne, na nilikuwa karani wa bandari ya Kilindini. Sikuweza kuuliza maana ya neno mbele ya mke wangu.

Tulipokuwa tukirudi Mji wa Kale, mke wangu akasema, "Hiyo stroberi ndiyo nini?"

Tunda lenyewe sikuwa nimeliona. Jina nililijua kwa aiskrimu, peremende na ile yogati, vyote vya rangi ya waridi. Basi nikalipasua neno kama nazi. "Stro ni ule mrija wa kunywea soda. Beri ni tunda. Ni rangi ya matunda, hutiwa kwenye vinywaji."

"Kwa hivyo ni rangi?"

"Rangi. Kila cha waridi, usimpe."

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba hiyo stro si mrija hata kidogo. Ni majani makavu. Wengine husema wakulima waliyatandika chini ya matunda yasiguse tope. Wengine, kwamba mmea wenyewe hutambaa na kutawanyika kama majani yaliyomwagwa. Wenye lugha yao hawana hakika. Mimi nilikuwa nayo.

Mke wangu hafanyi jambo nusunusu. Faluda ikakoma nyumbani, sharbati ikakoma, hata ubuyu wa rangi akaukataza. Binti akafanya mzaha: "Mama, hiyo leso yako ni ya waridi. Nikikukumbatia si nitakufa?" Mamake hakucheka.

Siku moja mke wangu alikwenda matangani Tononoka, nikabaki na mtoto. Baada ya alasiri jirani wa chini akatuletea bakuli. Mwanawe aliendesha lori la mizigo, na alikuwa amerudi na matunda ya bara. Jirani akayapika kwa sukari na mdalasini. Ilikuwa jemu nzito, nyeusi kama halua. Nikaipaka kwenye mkate, nikampa binti.

"Baba, hii si ya waridi?"

"Kwani huna macho? Kula."

Alikula kipande kizima. Akaanza kujikuna shingo. Kisha akaniita, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nene, kama ya mtu aliyezibwa na mto. Nilipomgeuza usoni, jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Kifua chake kikapiga mluzi.

Nilimbeba nikashuka ngazi. Jirani alikuwa mlangoni.

"Yuna nini mtoto?"

"Jemu yako ni ya nini?"

"Matunda tu, kakangu. Kijana ayaita stroberi."

 Nilikimbia vichochoroni hadi barabara ya Ndia Kuu, nikiwapiga watu vikumbo, sikio langu kinywani mwake. Mluzi ulipokuwapo niliogopa. Ulipokatika niliogopa zaidi. Muuza vinyago mmoja alitutazama mara moja, akaacha wateja wake, akafungua mlango wa gari lake. Njia nzima nilimsemesha binti na hakunijibu. Kucha zake zilikuwa zimegeuka rangi.

Hospitalini walimnyakua mikononi mwangu. "Amekula nini?" Nikalitaja neno lile, na wakati ule ndipo nilipojua kwamba sijawahi kulijua.

Mke wangu alifika buibui limejaa vumbi. Jirani alikuwa amemtumia habari.  Pazia lilifunguliwa, daktari, si yule wa kwanza, akatoka, akanielekea mimi kwa kuwa ndimi mwanamume, akaanza kwa Kiingereza. Mke wangu akasimama kati yetu.

"Daktari, yeye mwache. Nambie mimi, kwa Kiswahili."

"Anapumua, mama. Lakini tutamweka hapa tumwangalie."

"Hiyo stroberi ni nini?"

"Ni tunda. Dogo, jekundu, mbegu zake ziko juu ya ngozi."

"Likipikwa?"

"Lilelile. Huwa jeusi."

"Likikaushwa? Likitiwa ndani ya keki, lisionekane?"

Aliuliza mpaka daktari akavuta kiti. Hakuona haya ya kutojua, na kila alipojibiwa alirudia jibu kwa sauti ndogo ili lisimpotee. Mimi nilikaa nyuma yake.  Upande wa pili wa pazia mtoto alikuwa akivuta pumzi, na kila alipoitoa nilingoja kusikia kama atavuta nyingine.