Mlinzi wa Istiraha Alimwita Abu Salma

Admin, nifiche jina kabisa, maana wengi wa kundi letu wanafuata ukurasa huu. Ingawa wakinitambua sawa tu, wao ndio walioninyamazia.

Nina miaka thelathini na mmoja, Mtanzania, kwetu Tanga. Nafanya kazi kwenye maabara ya kliniki moja hapa Olaya, Riyadh. Mchumba wangu, nimwite Idrisa, ni fundi wa viyoyozi Jeddah, anaishi Aziziya. Tuko pamoja mwaka wa pili sasa. Ndoa ni mwezi ujao, na tumekubaliana niache kazi nihamie kwake, ikama yangu, kibali cha kuishi huku, iwe chini ya yake. Barua ya kuacha kazi nimeshaandika, Jumapili natakiwa kuikabidhi.

Wiki iliyopita tulikwenda matembezi ya msimu wa baridi, Watanzania na Wakenya tisa, magari mawili, kutoka Jeddah kuelekea kusini kwenye chemchemi ya maji ya moto. Tulikodi istiraha, nyumba ya mapumziko huko shambani, wanaume upande wao na wanawake upande wetu. Njia nzima Idrisa alisema hajawahi kufika huko. Tunashuka tu, mlinzi, mzee wa Kiyemeni, akamkumbatia. Akamwambia kwa Kiarabu, "Karibu, Abu Salma. Mwaka huu Salma umemwacha wapi?"

Walioko huku mnajua, mtu huitwa Abu kwa jina la mtoto wake. Na Idrisa kaniambia hana mtoto. Alicheka tu. "Mzee kanifananisha. Halas, tushushe mizigo." Wenzetu wote ghafla wakawa na shughuli nyingi na mizigo, hakuna aliyenitazama usoni.

Nikajiambia huenda kweli kafananishwa. Kazi yangu ni kuchungulia darubini siku nzima, nisije nikaona wadudu pasipo na wadudu. Asubuhi tukapanda kwa miguu kwenda chemchemini, kama saa nzima ya mawe matupu. Maji yanapotokea yanaunguza hasa, tukasimama tunaogopa. Idrisa akapitiliza moja kwa moja hadi kidimbwi cha chini, nyuma ya mwamba, ambako maji yamepoa. Akakunja mkono wa shati, akachovya kiwiko. Kiwiko, si kidole. Kwetu hivyo ndivyo tunavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Nikamkodolea macho mpaka akauliza, "Vipi mpenzi, mbona hivyo?" Nikasema miguu inaniuma.

Siku ya kuondoka, wanaume wakipakia magari, nilimfuata mlinzi nikasema uongo. Nilimwambia mimi ni shangazi yake Salma. Mzee akafurahi, akaingia kibandani kwake, akatoka na mfuko wa kunazi. "Mpelekee yeye na mama yake," akasema. "Mwaka jana mama yake alizipenda sana."

Mwaka jana msimu kama huu Idrisa aliniambia hawezi kuja Riyadh kwa sababu viyoyozi vya kazini vimeharibika vyote. Viyoyozi, wakati wa baridi. Na mimi nikampa pole.

Mtoto hanisumbui, wallahi. Angeniambia ningemlea. Kinachonikosesha raha ni huyo mama. Kama aliachwa, mbona anafichwa? Na kama hajaachwa, basi naacha kazi yangu nikakae chini ya ikama ya mume wa mtu, na siku tukikosana sina kazi wala karatasi. Nikimuuliza Idrisa atacheka tena, na kicheko chake kinanilainisha, hilo nakiri.

Barua iko mezani, mfuko wa kunazi uko pembeni yake. Sijala hata moja kwa sababu si zangu. Nishaurini, ndugu zangu: Jumapili nikabidhi barua, au nipande ndege niende Aziziya, nikazifikishe kunazi kwa wenyewe?