Taa Nyekundu Saa ya Komunike

Majina ya watu wote walio katika habari hii ninayakumbuka, hata ya watoto waliokuwa mugongoni. Sitayaandika. Wengine bado wanaishi kule, na kwetu jina la muntu likisikika mahali pabaya linaweza kumuletea wageni asiowataka.

Mashini ya muziki ilikuwa yangu, lakini ilisikilizwa na kilima kizima. Mutoto wangu mwanaume njo aliinunua, kabla aende Goma kutafuta kazi: ampli nyeusi yenye radio ndani, na bafle mbili kubwa za kutolea sauti. Bafle moja ilikaa chumbani karibu na kiti changu. Ya pili tuliitundika inje, chini ya manjanja, yale mabati ya paa, ili majirani wasikie komunike, matangazo ya watu. Simu zetu ndogo hazikamati ile radio inayozisoma, milima inaziba. Ampli tu njo ilikuwa na waya wa antene tulioupandisha juu ya mukaratusi.

Komunike zinasomwa saa sita muchana. Musomaji anataja jina kwanza, kisha habari yake: fulani amefika salama mahali fulani, fulani anatafutwa na watu wake, fulani ameaga dunia. Hazichambui. Anasoma vile karatasi zilivyomufikia, na sauti yake ni ileile kwa zote, kama muntu anayesoma bei ya maharagi. Kwa hiyo ukisikia jina la muntu wako, kuna pumzi moja ambayo hujui kama anaishi ao amekufa. Hiyo pumzi niliiogopa kuliko masasi ya bunduki.

Siku zile mutoto wangu wa mwisho, binti, alikuwa upande wa Itebero, kule katika musitu wa Walikale alikoolewa. Watu waliotoka huko kwa miguu walitwambia vita imeingia katika vijiji vyao, kila muntu amekimbia njia yake, na yeye alionekana akikimbia na mutoto mugongoni, bila bwana yake. Kisha rezo ya simu ikakatika. Hatukujua kingine. Hata sisi huku Lushebere tulikuwa tunasikia bunduki nyuma ya kilima, na vitu vyetu vilikuwa vimefungwa tayari kando ya mulango. Watu walinishauri nitangulie kambini kwa wakimbizi. Nikakataa. Kambini hakukuwa na waya wa antene.

Asubuhi moja mukamwana wangu, muke wa yule aliye Goma, alibonyeza ampli ili aone kama umeme wa batri unatosha. Kwa kawaida taa nyekundu inazimika, ya bluu inawaka, na radio inaanza kusema. Siku hiyo kitu ndani kililia "ta," bluu ikaonekana kidogo, ikakufa, nyekundu ikarudi.

"Mama, iko inalala," akaniambia.

"Iamushe."

"Naiamusha, inakataa. Iko sawa na mutoto wako siku ya kulima."

Siku nyingine ningecheka. Nikabonyeza mwenyewe. Ta. Nyekundu.

Tukasema labda ni telekomande, ile rimoti ya mukononi, inayoituma kulala. Tukatoa mawe ya tochi, yale mabatri madogo, tukayatia ndani ya telekomande. Nyekundu. Tukachomoa waya wa umeme, tukaiacha ipumuzike mupaka sombe, majani ya muhogo, ikaiva, tukarudisha waya. Nyekundu. Tukasema ni ukungu, jua halijapiga pano ya sola vizuri, batri imechoka. Lakini taa ya jikoni ikawaka vizuri kwa batri ileile, na simu ikashika umeme. Mukamwana akatoa kitambaa nilichokifuma, ambacho sikuzote ninakitandika juu ya ampli.

"Mama, na hii njo unaivisha, inapumulia wapi?"

"Ni ya kuzuia vumbi."

"Vumbi haimuogopi Mungu wala kitambaa."

Akapangusa vumbi, akapuliza matundu ya nyuma, mende wakatoka. Ta. Nyekundu.

Jua lilikuwa linapanda. Nilijiambia: kama leo njo wanasoma jina lake, na mimi niko hapa naangalia taa, nitajuaje? Hawarudilii komunike. Ikipita imepita. Nikachukua fimbo yangu nikashuka mupaka kwenye duka, barabarani.

Mwenye duka ni baba mumoja, tunamuita Papa, aliyetoka upande wa Butembo, Mukatolika, anauza misumari, sabuni na radio. Alikuwa anafunga milango, anapakia vitu kwa pikipiki, kwa sababu naye alisikia zile bunduki. Nikamueleza. Akaniita Koko, yaani bibi, kama wote wanavyoniita.

"Koko, muda huu watu wanabeba magodoro, weye unanibebea mashini?"

"Sibebi kitu, Papa. Binti yangu yuko Itebero. Nataka komunike tu."

Akaniangalia. Hakuna muntu huko kwetu asiyejua neno hilo ni nini. Akamuambia motari wake, mwendesha pikipiki, aendelee kufunga muzigo, akapanda kilima na mimi, akienda mbele na kusimama kuningoja.

Alibonyeza mara moja tu, akainamisha sikio. "Haijakufa," akasema. "Iko inaogopa. Kuna mahali waya zinagusana. Ikisikia vile inajifunga, inabaki na hii taa nyekundu ili isiungue. Weye ukisikia masasi unafungulia nani mulango?"

"Sifungulii muntu."

"Njo ivyo."

Akaigeuza, akalegeza nyaya za bafle zote mbili, akazitoa. Akabonyeza. Ta, na bluu ikawaka, ikabaki. Hakuna sauti, lakini bluu ilibaki. Mukamwana akapiga makofi. Mimi sikupiga. Nitasema ukweli: nilipoona ile bluu nilitamani nyekundu irudi. Wakati mashini imelala, binti yangu hakuwa amekufa.

Akarudisha waya wa bafle ya chumbani. Radio ikasema, nyimbo za matangazo. Akarudisha waya wa bafle ya inje. Ta. Nyekundu. Tukatoka kuangalia. Pale ambapo waya ulipita kati ya ukuta na manjanja, upepo ulikuwa umechezesha bati juu yake kidogokidogo mupaka ukachunika, shaba ikaonekana.

"Hii inataka ngazi na waya mupya," Papa akasema. "Saa sita inafika. Ya inje tuiache kwanza."

Lakini watu walikuwa wameanza kufika uani, kama kila siku, na wengine walikuwa wageni waliokimbia kutoka upande wa Kitshanga. Chumba changu ni kitanda, kiti na magunia. Wachache waliingia. Wengine wakalalamika dirishani.

"Koko, leo unatunyima?"

"Waya imechunika, baba. Sikuwanyima."

"Basi Koko arudilie kwa sauti," mwanamuke mumoja akasema. "Yeye njo anashika majina."

Wakakubali wote. Kweli mimi sikusoma sana, lakini jina likiingia kichwani mwangu halitoki. Wakanisimamisha dirishani, sikio moja kwa bafle, kinywa kwa inje. Siku nyingine zote nilisikiliza nikiwa katika kiti, kitenge usoni, mukamwana akinishika bega. Sasa, kama kifo cha binti yangu kingesomwa, kingetoka kwa kinywa changu mimi.

Musomaji akaanza. Jina la kwanza nikalipaza: amefika salama na watoto. Mwanamuke uani akapiga kigelegele, akafunika kinywa chake, kwa sababu wengine walikuwa bado wanangoja. Jina la pili nikalipaza, nikangoja, nikasema: ameaga dunia. Muzee mumoja aliyesimama kando ya mugomba akakaa chini polepole, watu wakamuzunguka. Sauti yangu ilianza kupasuka. Mukamwana akanipa maji, nikanywa bila kutoa sikio kwa bafle.

Jina lililofuata nikalipaza kama yale mengine, lote, la ubatizo na la baba, na kijiji. Nikageuza sikio kungoja habari. Nikaona uani watu wananikazia macho.

"Koko," mumoja akasema, "huyo si ni weye?"

Lilikuwa jina langu. Nilikuwa nimelitaja bila kulijua, kama la muntu mwingine. Nikashika mbao ya dirisha. Musomaji akaendelea kwa sauti yake ileile: anatafutwa na binti yake, aliyefika Walikale mujini na mutoto wake. Binti amesikia kwamba kilima cha mama yake kimechomwa. Mwenye kujua kama mama anaishi ao amekufa, apeleke habari kwa radio.

Hilo sikuweza kulirudilia. Mukamwana alilipaza mahali pangu, akilia. Na mara uani wakaanza kucheka, kicheko kile cha watu walioogopa sana.

"Kumbe Koko alikufa, na bado anatusumbua dirishani!"

"Muzimu yenye sauti kubwa ivi!"

Mimi sikucheka. Mutoto wangu anaishi, nilijua, na bado niliogopa kuliko asubuhi. Kwa maana nilimuona kule, kando ya radio ya watu wengine, mutoto mugongoni, anangoja waseme jina langu.

Nikamukamata Papa wa duka shati. "Motari wako anapita njia ya radio?"

"Anapita, kama njia iko wazi."

"Andika."

Akatoa kalamu. "Niandike jina lako, halafu..."

"Hapana. Andika kwanza: muzima. Jina lifuate."

"Koko, komunike inaanza na jina. Njo masharti yao."

"Ya kwangu ianze na muzima. Umuambie motari amuambie musomaji kwamba mama mumoja amemuomba."

Aliandika vile nilivyosema, akashuka kumupa motari karatasi. Tulimusikia motari akishuka na muzigo, pikipiki ikalia kwenye kona, ikapotea, kisha bunduki zikalia upande uleule alikokwenda, na hakuna muntu uani aliyecheka tena.

Kesho yake sikukubali waguse waya wa bafle ya inje kabla ya komunike. Nilisimama palepale dirishani. Watu walikuwa wachache, wengi walikuwa wamehamia kambini. Musomaji alisoma wengi, nikarudilia wote. Kisha nikasikia anageuza karatasi.

"Muzima," akasema.

Nikapaza: "Muzima!" Na uani wakajibu "Muzima!" kabla jina langu lisomwe.