Hariri Niliyomnunulia Mama Hansa

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nipitapo hapa barabara ya Huanshi Zhonglu. Nilikuwa msichana mwenye haraka zangu, nimetoka Unguja kuja huku Guangzhou, China, kununua nguo, na aliyenipa chumba nyumbani kwake alikuwa Mama Hansa, Mhindi mzaliwa wa Dar es Salaam aliyemfuata mumewe huku kwenye biashara. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Yule alinifaa nikiwa sina hata wa kuniuliza nimeamkaje.

Mumewe alipofariki, aliamua kurudi kwa ndugu zake Gujarati. Lakini kwanza alitaka kuupanda ule mlima wa huko alioutamani tangu utotoni, wenye mahekalu ya kale ya dini yake, Ujaini. Magoti yalishaanza kumsumbua, nami nikajua sitamwona tena. Mkono mtupu haulambwi, nikajisemea. Nikamnunulia kitambaa cha hariri, kizuri kupita vyote dukani, akivae hekaluni.

Alikipokea kwa mikono miwili, akakipapasa, kisha akakirudisha mapajani mwangu.

"Binti yangu, ili hiki kipatikane, viwavi wamechemshwa wakiwa hai. Sisi hatuui hata mdudu. Nitapandaje nacho kule?"

Niliumia, sikufichi. Halafu haya zikanishika kuliko maumivu. Maana dini yake ilimtaka amalize kula kabla jua halijazama, na Ramadhani zote nilizokaa kwake, magharibi ikiingia nilikuta tende, uji na kaimati mezani, naye ameketi kunisindikiza, mwenyewe hanywi hata maji. Yangu aliyajua yote. Yake sikuwahi kuyauliza, na mdomo ninao, tena mrefu, wachuuzi wa soko la Zhanxi ni mashahidi.

Basi nikamuuliza, naye akanieleza kwa furaha: ngazi ni maelfu, wengi hupanda pekupeku, huko juu hakuliwi kitu, na jua likielekea kuchwa kila mtu hushuka, hata makuhani. Kesho yake tukaenda pamoja kutafuta kitambaa cha pamba nyeupe. Alibishana bei mpaka muuzaji akacheka.

Aliposhuka mlimani alinipigia simu. Kumbe kule juu, kwenye mahekalu yao, kuna kaburi la walii wa Kiislamu.

"Nimesimama pale nikakuombea," akaniambia, "kwa jina lako na la mama yako."

Nililia katikati ya soko, mikokoteni ikinipita. Mpaka leo namshukuru.

Wewe mwanangu umekuja juzi tu, na mji huu utakukalisha na watu wa kila dini. Kuuliza si ujinga. Ukitaka kumshukuru mtu, mjue kwanza: anakula nini, anajizuia na nini, moyo wake unaelekea wapi. Zawadi itafuata yenyewe, na huenda isikugharimu kitu. Mola akujaalie watu wa kukufaa ugenini, akupe na akili ya kuwajua wangali karibu yako. Na akikuombea mtu wa dini nyingine, itikia amina.