Usukani wa Ndege ya Baba

Juzi kikombe cha mafuta ya nyonyo kilinipindukia jikoni yakaingia motoni. Ule moshi wake mzito, mtamu kidogo, unaong'ang'ania kooni, ukanirudisha uani kwetu Chemchem, hapa hapa Tabora, wakati Waingereza wangali wanatawala. Habari hii nimeshaiandika nikaichana, nikaiandika tena nikaichana, kwa sababu sina hakika kama niliielewa. Shule yangu iliishia darasa la nne. Basi nitawaambia nilichokiona, na pale nisipojua nitasema sijui.

Baba alikuwa seremala wa reli. Mzungu mmoja aliyefanya naye kazi, alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia ndege ndogo ya mbao, mabawa yake mapana kuliko mikono yangu miwili nikiinyoosha, pamoja na kisanduku cha redio cha kuiongozea ikiwa angani. Injini yake ilikunywa mafuta yaliyochanganywa na nyonyo, ndiyo maana uani kwetu kulinuka vile. Mkia ulikuwa umevunjika. Baba akaanza kuutengeneza, na tangu hapo kitanda cha watu kikabaki bila miguu, paa likavuja, na Mama akimsemesha anajibiwa "ehee" na mtu anayeukodolea macho mkia.

Mama alivumilia, kisha akafunga vitu vyake akarudi kwao Itetemia. Simlaumu. Baba naye nimtendee haki: hakuwa mlevi, wala hakuwahi kumwinulia mkono. Lakini mimi nilikuwa nalala na khanga ya Mama usoni, na kwa akili yangu ya kitoto nikaamua kwamba Mama ameondoka kwa sababu ndege ni mbovu. Ikiruka, atarudi. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, nikaamini kabisa.

Siku ya kuunganisha usukani alikuja Mjomba Sadiki, kaka yake Mama, aliyetoka vitani na ujuzi wa redio. Hakuchagua upande katika ugomvi ule. Alisema yeye amefuata ndege tu. Ndani ya tumbo la ndege kulikuwa na kimota kidogo kama kiberiti, Mjomba akikiita sevo, na juu yake mkono wenye masikio mawili, moja huku na moja huku. Ukisukuma kijiti cha kisanduku, ule mkono unajizungusha kidogo. Kazi ilikuwa kuunga sikio moja na usukani wa mkiani, na Baba alitumia spoku ya baiskeli aliyoikunja ncha kwa koleo.

Ndege ilikuwa mkekani, mkia ukimwelekea Baba. Mjomba alisimama mbali, karibu na jiko, na kisanduku chake.

"Kushoto!" akapiga kelele.

Usukani ukalala kushoto. "Sawasawa," Baba akasema, akaichomoa spoku ili aikunje ncha vizuri, isije ikachomoka angani.

Hapo ndipo tukasikia hodi. Alikuwa Bibi, mama yake Mama, amekuja bila taarifa. Hata mtoto alijua amekuja kumpima mkwewe.

"Shikamoo, mama," Baba akasema, macho chini.

"Marahaba, baba. Nimekuja kumwona mke mwenzangu huyu." Akanibana shavu. "Ee, hata meno huna! Mume wetu utamtafunia nini?" Akaketi barazani, nyuma kabisa ya Baba. "Endeleeni na kazi. Mimi napumzisha miguu tu."

Baba akashika koleo, akaliweka chini, kama mtu aliyekalia mwiba. Akainuka, akazunguka mkeka, akakaa upande wa pua ya ndege, uso kwa Bibi. Akairudisha spoku mahali pake.

"Kushoto!" Mjomba akaita tena.

Baba akakunja uso. "Mbona sasa inakwenda kulia?" Akaihamishia spoku kwenye sikio la pili, wakajaribu tena, akaridhika. Mimi, niliyebaki upande wa mkia, nilitazama nikachanganyikiwa. Kwangu ilikuwa sawa mwanzo, sasa ndiyo imekosewa. Lakini mimi nani?

Jumapili tukaenda uwanda wa Itetemia, kando ya ile miembe mikongwe ya njia ya misafara. Watu walijaa. Mama alisimama na Bibi na wanawake wa kwao, khanga mdomoni, wala sikuruhusiwa kumkimbilia. Ndege ikanguruma, ikapanda, watoto wakapiga vigelegele. Kisha ikaelekea miembe. Mjomba akasukuma kijiti kushoto. Ikakata kulia. Akasukuma zaidi, ikazidi kulia, ikajikunja kama kuku aliyekatwa kichwa, ikajichimbia ardhini.

"Fundi, umepanda ndege au muhogo?" mtu mmoja akauliza, watu wakaangua kicheko.

"Shemeji, nimesukuma kushoto, wallahi!" Mjomba alikuwa karibu kutoa machozi.

Baba akapiga magoti, akaushika mkia, akauchezesha huku na huku. Akamtazama Bibi, akatazama chini. "Ni upepo," akasema.

Hakukuwa na upepo. Moshi wa majikoni ulikuwa umesimama wima. Mjomba akafungua mdomo. "Ni upepo, shemeji," Baba akarudia, polepole.

Nililia njia nzima, nikijua Mama ndiyo basi. Haukupita muda mrefu, jioni moja Mama akaingia uani na mzigo wake kichwani, akauliza kama tumekula. Sikuelewa kitu. Ndege imevunjika na Mama amerudi!

Mama aliniambia baadaye kwamba siku ile aliyokuja kwetu, Bibi alirudi akamwambia, "Mwanamume anayeacha kazi aipendayo ili asinipe mgongo, huyo bado anafundishika." Mjomba anasema siyo, Mama alirudi kwa sababu ndege ilikwisha. Wote wawili ni wakweli. Sijui nimwamini nani.

La usukani nililijua ukubwani, nikiwa fundi cherehani, nikimpima mteja gauni, uso kwa uso. Nilibandika pini bega la kushoto, kumbe ni kushoto kwangu mimi, kulia kwake, kama Baba alipoikabili pua ya ndege. Nikakaa chini pale pale. Jioni nikamwuliza Baba, mzee sasa, kama alijua.

"Nilijua nilipoushika mkia," akasema. "Ulitaka niseme nini mbele ya watu? Kwamba mama mkwe ameangusha ndege kwa kukaa?"

Tulicheka mpaka akakohoa. Lakini usiku sikulala vizuri. Mchana ule nilimwona Baba amepiga magoti mavumbini, nikadhani ananipotezea Mama. Labda ndipo alipokuwa anamrudisha; na sina hakika kama yeye mwenyewe alijua.