Fundi na Ngazi ya Nota Nane

Fundi cherehani wa chumba cha jirani ana ukurasa wa mtandaoni unaomfundisha gitaa. Akigusa nukta kwenye simu inalia, naye huichora palepale kwenye shingo ya gitaa kwa chaki ya kushonea. Kwaya itampokea Jumamosi, iwapo atapanda ngazi ya nota nane, do hadi do ya juu, na kushuka bila kukosea. Kupanda anapanda; akianza kushuka anapotea, anacheka, anajifuta jasho kwa utepe wa kupimia.

“Fundi, mpanda ngazi hushuka!” humtania mama anayenyonyesha mlangoni.

“Hii yangu, shemeji, haina pa kushikilia!”

Leo kafumba macho, na vidole vyeupe kwa chaki vikashuka taratibu, nota zote nane. Mama alitaka kupiga makofi, lakini mikono ilikuwa na mtoto. Akapiga kigelegele, mtoto akaachia ziwa, akacheka.